Mkono wa Kulia wa Bonge

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Dada wa Mazoezi, yule wa kliniki anayenyoosha viungo, amesema niandike kila siku mtoto amefanya nini na mkono wake, hata kama hajafanya kitu. Nikamwambia mimi shule niliishia njiani, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye matope. Akasema, "Mama, kuku akipita kwenye matope tunajua kapita. Andika."

Basi naandika.

Mtoto tunamwita Bonge kwa sababu alikuja mkubwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama, mkunga akavuta. Mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi ikaumia. Mkono wa kulia umelala ubavuni kama kitu alichoazimwa. Vidole vyake ni vizima, ukimpa kitu anashika. Shida ni bega na kiwiko. Kiwiko hakikunji.

Dada amesema mvua zikiisha atampima upya. Kama kiwiko kitakuwa bado hakijajikunja chenyewe, atatuandikia twende hospitali kubwa ya mbali, wapasuaji wakatafute mishipa hiyo shingoni. Alisema polepole, akinishika goti. Shingo yenyewe haijafika kiganja changu.

Mkono leo: haujafanya kitu.

Tarehe 4

Mvua imeanza. Taulo za saluni ya wifi hazikauki.

Mkono: hakuna.

Tarehe 5

Masharti ya Dada, nisije nikasahau. Usimnyanyue kwa makwapa. Ukimvisha, mkono mgonjwa unatangulia kuingia kwenye nguo, ukimvua unakuwa wa mwisho kutoka. Mchue kwa vitu laini na vya kukwaruza kidogo, ngozi ijue ipo. Nyanyua mkono taratibu, akikunja uso unaishia hapo. Na akishika kitu usimbandue vidole. Mwache aachie mwenyewe, ndivyo mkono unavyojifunza kwamba una kazi.

Kitu laini nimekipata. Brashi ya wifi, ile anayowapukutia wateja nywele shingoni. Nimeichukua bila kuuliza. Bonge kaipenda, kachekea brashi kama kaona mjomba wake.

Mkono: kidole cha mwisho kilicheza. Vidole huwa vinacheza. Hilo si jipya.

Tarehe 9

Leo naandika kwa hasira na wino utavumilia.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Cha mbele ni saluni ya wifi, dada yake mume wangu. Kioo kikubwa ukuta mzima, viti viwili, mashine ya kukaushia, benchi la kusubiria. Ukitaka kutoka nje lazima upite hapo, na ukipita unapimwa kuanzia kisigino. Nimezoea. Nilikuwa napita na Bonge nikampungia kila mtu mkono wake mzima.

Leo Mama Sabuni alikuwa kitini, yule anayeuza sabuni za maji mlango kwa mlango. Akanishika nguo nikipita. "Pole, Mama Bonge. Usingizi ni mtu mbaya."

Nikasema kweli, mtoto haniachi nilale.

Akasema, "Ndiyo maana. Ukichoka sana hujui hata umelala juu ya nini. Hata ng'ombe humlalia ndama wake. Usijichukie."

Sikuelewa. Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa na chanuo mdomoni, macho kwenye kichwa cha mtu, anasuka mbio kama anafukuzwa.

Mama Sabuni ni mtu wa maneno lakini si mtu wa siri. Alikuja nyuma kunawa, nikambana jikoni. Akanieleza yote na pole juu. Kwamba mtaa mzima unajua nilimlalia mwanangu nikamvunja mkono. Kwamba nimebuni habari ya mkunga kuficha aibu. Nikamuuliza nani kasema.

"Si wifi yako? Mtu wa ndani hasemi uongo juu ya mtu wa ndani."

Nimekaa juu ya ndoo mpaka ganzi ikaniingia miguuni.

Mkono: sikuangalia vizuri. Nisamehe mwanangu, kesho nitaangalia mara mbili.

Tarehe 10

Nilimwendea wifi kabla hajafungua saluni. Nikasema, "Wifi, mimi nilimlalia mtoto?"

Akasema, "Nilisema labda. Watu wana masikio marefu."

"Labda ya nini, na ulikuwa nami chumba cha kujifungulia?"

"Mimi nilikuwa pembeni. Sikuona kila kitu." Akawasha mashine ya kukaushia, hapana kichwa ndani yake. Ilikuwa ni kunifukuza kwa upepo.

Mchana Baba Bonge akapiga simu. Yuko safari na lori, atarudi barabara zikipitika. Akauliza mtoto, akauliza paa. Halafu akasema, "Mama Bonge, niambie tu ukweli, sitagomba. Ulimlalia?"

Angegomba ingekuwa nafuu. Ile sauti ya kunihurumia ndiyo iliyonikata.

Naapa hapa, na Dada akisoma na asome. Mvua hizi hazitaisha kabla wifi hajasema kweli kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye saluni ile ile, mbele ya wanawake wale wale. Nitamfanya aseme. Sijui kwa njia gani. Njia ya mwongo ni fupi, mimi nitamngojea mwishoni mwake.

Mkono: hakuna.

Tarehe 13

Nimeacha kumchemshia wifi maji ya kuoshea wateja. Amewaosha na ya baridi. Nimesikia mtu akipiga ukunga huko mbele. Tamu.

Mkono: hakuna.

Tarehe 14

Nimeficha chanuo lake la mkia. Ametafuta mpaka chini ya jiko. Nikamsaidia kutafuta.

Mkono: hakuna. Lakini bega halikukaza kama juzi.

Tarehe 19

Paa la chumba chetu limeshindwa. Nimetega beseni, sufuria, mpaka kopo la unga. Mkeka wa Bonge umelowa. Mahali pakavu katika nyumba hii ni sehemu moja tu, chini ya kioo cha wifi.

Nikachukua Bonge, mkeka na brashi, nikaenda kutandika katikati ya wateja.

Wifi akasema, "Hapa ni kazini, wifi."

"Na mimi niko kazini," nikamjibu.

Nikaanza mazoezi pale pale. Nyanyua, shusha. Kunja, nyoosha. Namchua na brashi na ninamwimbia. Niliwaza: mnasema nimemvunja, basi tazameni mikono iliyomvunja inavyofanya. Mwalimu wa chekechea, ambaye huja kila wiki kwa nywele ambazo hazifiki kidole, akainama akauliza huo mchezo ni wa nini. Nikamweleza mishipa, bega, mkunga. Nilieleza kwa sauti ili ifike kitini.

Wifi akasema kwa upole, upole wenye sumu, "Anajitahidi, maskini. Mtu akijutia kitu hujitahidi."

Ningekuwa na maji ya moto karibu sijui.

Lakini niandike na hili: Bonge alijiona kwenye kioo. Akageuza shingo upande wa kulia, upande ambao huwa anaukataa, ili aendelee kujiona.

Tarehe 23

Dada amesema kioo ni kitu kizuri sana, tuendelee. Kwa hiyo sasa nina amri ya kliniki. Wifi amevimba kama andazi.

Mkono: nikimlaza kwa ubavu, kiwiko kinateleza kidogo juu ya shuka. Dada anasema hiyo ni kuteleza, kukunja ni kuupandisha mkono. Ila akatabasamu.

Tarehe 29

Mvua, mvua, mvua. Wateja wakija hawaondoki, wanangoja ipungue, na wanaongojea mvua wanakula watu kwa umbea.

Mkono: kama jana.

Tarehe 3, mwezi wa nne

Sina uso wa kuandika, lakini nimesema nitaandika.

Jumamosi, saluni imejaa mpaka mlangoni. Wifi ana mteja mgeni, anamsimulia. Sikusikia yote, nikasikia "usingizi". Wakacheka kidogo, si kicheko kibaya, cha kuhurumia. Nikasema kwa sauti, "Huu mkono utanyanyuka. Tazameni." Nikashika mkono wa mwanangu nikaunyanyua. Akakunja uso. Dada alisema akikunja uso unaishia hapo. Mimi sikumtazama usoni. Nilikuwa namtazama wifi kwenye kioo. Nikaendelea kuupandisha mpaka sikioni.

Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Wote wakasimama. Mashine ikazimwa. Na wifi, bila hata kunyanyua sauti, akasema, "Si niliwaambia?"

Tarehe 5

Dada amemkagua. Hakuna kilichokatika, bega limechokozwa. Wiki nzima tusifanye kitu, tumlaze mkono umeegemea mto. Nilimwambia kila kitu, na habari ya wifi pia. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Mama, mkono huu una mwenyewe. Usiutumie kumpigia mtu."

Nimelia barabara nzima. Mvua ilinisitiri.

Kisasi changu kimempa wifi ushahidi. Sasa yeye ana mashahidi na mimi nina mtoto anayeshtuka nikimgusa.

Tarehe 6

Mkono: amepumzika.

Tarehe 7

Amepumzika.

Tarehe 9

Amenikubali tena. Kashika kidole changu na mkono ule, halafu kalala nacho. Nimekaa hivyo mpaka chakula kikaungua. Sikubandua.

Sijaacha kiapo. Nimebadilisha mwendo tu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Tarehe 16

Leo nimeona kitu.

Nilikuwa naanua nguo kabla mvua haijashuka, Bonge akajitapikia mkekani. Wifi akamchukua ambadilishe, kwa sababu wateja walikuwa wanaangalia, mbele za watu ni shangazi mzuri. Mimi nikasimama mlangoni na nguo begani.

Akamvua. Mkono mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Akamvisha safi. Mkono mgonjwa kwanza, kautegemeza kwenye kiwiko kwa vidole viwili, akaupitisha kwenye mkono wa nguo kama anapitisha uzi kwenye sindano. Wala hakufikiri. Mikono yake inajua.

Mimi nilifundishwa na Dada. Yeye kafundishwa na nani? Haendi kliniki. Mbele yangu hajawahi kumvisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa nikawaza mpaka nikafika siku ya kujifungua. Nilikuwa nimelala, damu imenipungua, sioni wala sisikii. Nilipozinduka Bonge kavaa, yuko mikononi mwa wifi: nguo ya kwanza alimvisha yeye. Aliukuta mkono umelegea saa ile ile, akajifunza mwenyewe jinsi ya kuuingiza. Amejua tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa hata sijamshika mtoto.

Basi kwa nini aseme nilimlalia?

Tarehe 17

Nimeipata, nikiosha vyombo.

Uchungu ulinianza wifi akiwa na bibi harusi kitini. Nikamwita. Akasema, "Ngoja nimalize kichwa hiki." Nikangoja. Nikamwita tena, akasema kimebaki kisogo. Tulipofika wodini nilikuwa tayari nasukuma, wakunga wakatukimbilia.

Sikuwahi kumwambia Baba Bonge. Niliona si neno, mimba ya kwanza huchelewa, kila mtu husema. Sikuwa nimempa wifi lawama hata chembe. Lawama alijipa mwenyewe, ikamlemea, akatafuta kichwa cha kuitua akakiona changu.

Kumbe ananiogopa. Muda wote huu naona jabali, kumbe ni mtu anasubiri nikumbuke.

Nilidhani nikijua hivi nitamhurumia. Nimejipekua, sijaona huruma.

Tarehe 20

Nimemuuliza Dada kwa mzunguko: mama akichelewa kufika, bega ndiyo hukwama? Akasema hapana, bega hukwama hata ukiwa umelala mlangoni mwa wodi tangu jana. Mtoto mkubwa, njia nyembamba, basi.

Kwa hiyo wifi hana kosa la mkono. Ana kosa la mdomo tu.

Sikumwambia. Abebe kidogo.

Tarehe 26

Kiwiko kimetikisika. Kama kope ya mtu anayejifanya amelala. Nimeangalia tena, hakuna. Labda ni macho yangu yana njaa.

Tarehe 3, mwezi wa tano

Kiwiko: kope tena.

Tarehe 8

Mvua inakonda. Watu wanaisifu. Mimi ningeishika miguu isiondoke. Ikiisha, Dada anapima.

Tarehe 11

Baba Bonge amesema barabara imefunguka, anakuja. Hakuuliza swali lile. Hajauliza tena, na hajasema amelitupa.

Tarehe 15

Jumamosi. Naandika polepole, nataka kila kitu kikae mahali pake.

Wifi amejisuka rasta mpya mpaka kiunoni, tangazo la biashara. Mama Sabuni kitini, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Mwalimu yuko benchini. Bonge mkekani chini ya kioo, mimi nakunja taulo. Mvua ilikuwa rasharasha.

Chanuo likamwanguka wifi karibu na mkeka. Akapiga magoti kuliokota. Rasta zikamwagika mbele, zikaangukia kiganja cha kulia cha Bonge. Akashika. Hilo si ajabu, vidole ni vizima.

Wifi akacheka, "Niachie, bosi, nina mteja."

Halafu kichwa chake kikashuka.

Nilidhani ameinama mwenyewe. Kikashuka tena. Nikatazama mkono. Ngumi ilikuwa inatoka mkekani. Kiwiko kilikuwa kinakunja, polepole, kinatetemeka kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, na ngumi ikaja, ikaja, na nywele za wifi ndani yake, mpaka mdomoni. Akazitia mdomoni akazinyonya.

Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyemgusa.

"Wifi," wifi akasema. Sauti haikuwa yake. "Wifi, tazama. Kiwiko."

Nilikuwa nimeshatazama. Nilitambaa nikafika mkekani nikaweka uso wangu karibu na ngumi ile, wifi upande huu, mimi upande ule, mate ya Bonge kati yetu.

Tukakaa hivyo. Halafu wifi akapeleka mkono ajibandue.

"Usimbandue," nikasema. "Dada kasema aachie mwenyewe."

"Mgongo wangu, wifi."

"Aachie mwenyewe."

"Basi kata rasta hizo," wifi akasema. Mwalimu akanyanyua mkasi mezani. Nikaupokea, nikashukuru, nikaukalia.

Hapo ndipo nilipoona nimefika. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeapa tu, aliyepanga ni mwingine, tena hana jino hata moja.

Nikasema, "Tukimngojea, tuzungumze. Mama Sabuni yupo. Mwalimu yupo. Wifi, nani alimvisha Bonge nguo ya kwanza?"

Unasikia matone kwenye beseni chumba cha nyuma.

"Mimi," akasema, shavu lake mkekani.

"Mkono ulikuwaje?"

Bonge akavuta. Wifi akasema, "Ah. Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimeshamlalia saa hiyo?"

"Hapana."

"Sema wakusikie, mashine inavuma." Mashine haikuwa imewashwa.

"Hapana. Ulikuwa hata hujamshika." Na hapo akaanza kulia, na mtu akilia amelaza shavu machozi humwingia sikioni. Yaliyobaki sikumuuliza, yalimtoka yenyewe. "Uliniita nikasema ngoja. Nilikuwa na bibi harusi. Nikamaliza kichwa cha mtu. Nikafikiri kaka akijua atanitoa kwenye nyumba hii na viti vyangu. Nikafikiri ukikumbuka. Kila siku nakuona unapita na mtoto nasema leo amekumbuka."

Mama Sabuni akageuza nusu kichwa chake kilichosukwa. "Lo. Na mimi neno hili nimelipeleka mlango kwa mlango pamoja na sabuni."

"Basi lirudishe mlango kwa mlango," nikamwambia.

"Nitalirudisha. Na povu lake."

Bonge aliachia alipopata usingizi, si kabla. Wifi akanyanyuka na alama ya mkeka shavuni, mistari kama daftari hili.

Mkono: UMEKUNJA.

Tarehe 18

Baba Bonge amefika na matope mpaka kofia. Kabla hajavua viatu wifi alimsimamisha saluni akamwambia mwenyewe. Nilimpa hiari: aseme yeye, au niseme mimi kwa namna yangu. Baba Bonge alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaja nyuma, akakaa sakafuni karibu na beseni la matone, akanyoosha kidole, Bonge akakishika na mkono wa kulia. Akasema, "Nilikuuliza kwenye simu."

"Uliniuliza."

"Sikupaswa kuuliza."

"Uliuliza."

Na yeye atabeba kidogo.

Tarehe 24

Kliniki. Dada akaning'iniza kengele, Bonge akaitazama kama anadharau, halafu akakunja kiwiko akaichukua. Dada akaangalia pembeni, akafuta macho kwa mkono wa koti. Bega bado lina safari, mazoezi yanaendelea mwaka mzima, pengine na zaidi. Ila wapasuaji hapana, si kwa sasa. Nilitaka kumbusu mpaka kiti chake.

Akauliza ni kitu gani nyumbani humfanya avute vizuri. Nikasema nywele. Akasema basi tumpe nywele, asubuhi akiwa na nguvu.

Tarehe 27

Jua. Taulo zimekauka kwenye kamba kwa mara ya kwanza.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, wifi anapiga magoti kwenye mkeka, anainamisha kichwa, rasta zinaanguka, Bonge anavuta. Ni agizo la kliniki. Mimi nakaa na taulo zangu nahimiza, "Vuta, baba. Vuta kwa nguvu." Wifi anasema ah, ah, halafu anacheka. Juzi aliniuliza nimemsamehe. Nikamwambia mtoto bado ana mazoezi.

Siku moja nitamwambia alichosema Dada kuhusu bega, kwamba hata tungewahi lingekwama. Usiku atalala vizuri. Siku moja, si wiki hii.

Mkono leo: umevuta rasta mbili zikatoka na mizizi. Amefanya vizuri sana.